Chemsha Bongo: Swali Moja, Jibu Moja na Tarehe Yake

Chemsha bongo ni mchezo wa kuulizana maswali ya maarifa ya jumla: historia, jiografia, siasa, michezo, muziki, lugha na mambo ya kila siku. Anayejua hujibu, asiyejua hujifunza, na mshindi huondoka na zawadi, au na sifa tu. Jina lenyewe linaeleza kazi. Bongo ni ubongo, na kuuchemsha ni kuufikirisha mpaka utoe kilichomo. Neno hilohilo ndilo lililoipa Dar es Salaam jina lake la mtaani. Wenyeji waliiita Bongo kwa kuwa kuishi mjini kunataka akili ya kuchakarika. Jina likaenea hadi likawa la nchi nzima, na muziki wa vijana wake ukaitwa Bongo Fleva.

Mchezo huu huchezwa shuleni, redioni, katika sherehe, na siku hizi katika baa na kumbi ambako jioni nzima hutengwa kwa maswali. Popote unapochezwa, kanuni yake kuu ni moja: swali liwe na jibu moja lisilo na ubishi. Ni kanuni rahisi kuitamka na ngumu kuitimiza. Nchi hubadili mipaka, miji hubadili hadhi, vilabu hubadili majina, na jibu lililokuwa sahihi mwaka juzi huweza kuwa kosa leo. Mkoa wa Dar es Salaam, pamoja na wilaya zake kama Kinondoni na Temeke, ni mfano mzuri wa jambo hilo.

Kutoka kwenye kitendawili

Waswahili hawakuletewa mashindano ya akili kutoka nje. Kitendawili ni chemsha bongo ya kale, nacho kina taratibu zake kamili. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wasikilizaji huitika "Tega!" Kisha hutaja fumbo: nyumba yangu haina mlango. Wasikilizaji hujaribu mmoja mmoja. Wakishindwa, mtegaji hudai mji, nao humtajia Bagamoyo, Mombasa au Unguja. Akiukataa hutajiwa mwingine, mpaka apate unaompendeza. Hapo ndipo anapotoa jibu: yai.

Utaratibu huo una mambo yote ya mashindano ya leo. Kuna mwuliza swali, kuna nafasi ya kujaribu, kuna gharama ya kushindwa, na kuna jibu ambalo kila mmoja akilisikia hukubali kwamba ndilo. Tofauti ipo kwenye kinachopimwa. Kitendawili hupima uwezo wa kuona mfanano kati ya vitu viwili. Swali la maarifa ya jumla hupima kumbukumbu: tarehe, jina, mahali au idadi.

Ubishi uliozaa kitabu

Maswali ya kumbukumbu hukua palipo na ubishi. Mwaka 1951 Sir Hugh Beaver, mkuu wa kampuni ya bia ya Guinness, alikuwa kwenye mawindo nchini Ireland. Wawindaji wakabishana ni ndege gani wa kuwindwa anayeruka kasi kuliko wote barani Ulaya, na hakuna kitabu kilichoweza kuwaamulia. Beaver aliona kwamba mabishano ya aina hiyo hutokea kila usiku katika baa. Matokeo yake yalikuwa kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1955. Katika miaka ya 1970 baa za Uingereza zilianza kushindana kwa timu, na mwaka 1979 Wakanada wawili, Chris Haney na Scott Abbott, walibuni mchezo wa mezani wa Trivial Pursuit ulioingiza maswali hayo majumbani.

Dar es Salaam ubishi huo una makao yake: kijiwe. Katika mitaa ya Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tandale, kijiwe cha kahawa ni mabenchi machache, birika la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mikono na sahani ya kashata. Pembeni kuna bao au drafti. Mmoja anatupa swali: Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanzania alikuwa nani? Mwingine anajibu Nyerere kabla swali halijaisha. Wa tatu anasema Kawawa. Kahawa inaongezwa, sauti zinapanda, na pande zote mbili zina uhakika. Aliyesema Kawawa ndiye aliyepata, ingawa aliyesema Nyerere naye anajua jambo la kweli. Sababu itaelezwa mbele.

Jinsi jioni ya maswali inavyoendeshwa

Jioni rasmi ya chemsha bongo huhitaji vitu vichache: mwuliza maswali mwenye sauti inayofika, kipaza sauti kama ukumbi ni mkubwa, karatasi, kalamu na saa. Washiriki hukaa kwa timu za watu wanne hadi sita, na kila timu hujipa jina. Maswali hugawanywa katika raundi za maswali kumi kumi, kila raundi na mada yake: historia, jiografia, michezo, muziki, dunia. Raundi mchanganyiko huwekwa mwisho ili timu iliyoachwa nyuma ipate nafasi ya kufufuka.

Kila swali husomwa mara mbili, polepole. Timu hunong'onezana na kuandika, kwa kuwa jibu linalotamkwa kwa sauti huwa la ukumbi mzima. Simu hufungwa au huwekwa kifudifudi mezani. Raundi ikiisha, timu hubadilishana karatasi na kusahihishiana huku majibu yakisomwa. Uamuzi wa mwuliza maswali ndio wa mwisho, ndiyo maana anapaswa kuwa na hakika ya kila jibu kabla ya kusimama mbele ya watu.

Timu mbili zikilingana alama, swali la kuvunja sare huwa la makadirio: anayekaribia zaidi ndiye mshindi. Kwa mfano: Sensa ya 2022 ilihesabu watu wangapi katika Mkoa wa Dar es Salaam? Jibu ni 5,383,728. Hakuna anayetarajiwa kulijua hadi mtu wa mwisho, lakini anayeufahamu mji wake hatasema laki tisa wala milioni ishirini.

Maswali ya mji

Raundi ya Dar es Salaam huanzia baharini. Mji ulianza pembeni ya Mzizima, kijiji cha wavuvi, pale Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga bandari yake bara katika miaka ya 1860. Alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijakamilika. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, wakihama kutoka Bagamoyo, na Waingereza waliuteka Septemba 1916 katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita hiyo iliuachia mji jina moja linalopendwa sana na watunga maswali: Kariakoo. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi, kikiitwa Carrier Corps. Palipokuwa kambi yao, midomo ya wenyeji ilitengeneza neno Kariakoo.

Majina mengine hayahitaji kitabu, yanahitaji sikio. Kiambishi -ni mwishoni mwa nomino huonyesha mahali, na miti mingi ya zamani ya Dar es Salaam imebaki katika majina hata pale ilipokatwa. Mikocheni ni mahali pa mikoche, aina ya mnazi-mwitu. Mkwajuni, Kinondoni, ni penye mkwaju. Mivinjeni, upande wa Kurasini, ni penye mivinje. Mwembe Yanga wa Temeke una mwembe ndani yake, na Mtoni, Temeke vilevile, panatamka penyewe kwamba kuna mto. Raundi ya majina ya mitaa humfaa hata asiyesoma historia, kwa sababu jibu limo ndani ya swali.

Yapo pia maswali yanayowashangaza wakazi kuhusu wilaya zao wenyewe. Bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa mara ya kwanza, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika uwanja ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru, na uwanja huo uko Temeke. Uwanja mkubwa wa jirani yake, wenye viti 60,000 na unaobeba jina la Benjamin Mkapa, uko Temeke pia. Viwanja vya Sabasaba kwenye Barabara ya Kilwa navyo ni vya Temeke. Sabasaba yenyewe ni tarehe 7 Julai, siku chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe hiyohiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Kinondoni nayo ina yake. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kupigania uhuru, baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, iko Magomeni na imehifadhiwa kama makumbusho. Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kilifunguliwa mwaka 1966 kando ya barabara iendayo Bagamoyo, na kituo cha daladala cha hapo huitwa Makumbusho hadi leo.

Neno moja linalogeuza jibu

Sasa lirudiwe swali la kijiweni. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanganyika mwaka 1961. Alijiuzulu Januari 1962, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo mpaka Tanganyika ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962 na cheo kikafutwa. Tanzania ilipozaliwa mwaka 1964 haikuwa na Waziri Mkuu. Cheo kilirudishwa mwaka 1972, akateuliwa Kawawa. Kwa hiyo Waziri Mkuu wa kwanza wa Tanganyika ni Nyerere, na wa kwanza wa Tanzania ni Kawawa. Neno moja limebadilika, na jibu limebadilika nalo.

Mtego uleule umo katika swali linaloulizwa kila Desemba: Tanzania ilipata uhuru lini? Lilivyo, swali hilo lina kasoro. Iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ni Tanganyika. Zanzibar ilipata wake tarehe 10 Desemba 1963, ikafuatiwa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na dola mpya ilianza kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huohuo.

Visiwa navyo huwaingiza wengi mkenge. Zanzibar si kisiwa kimoja. Unguja na Pemba ndivyo vikubwa vyake, na Unguja ndicho kikubwa zaidi. Mafia iko katika bahari hiyohiyo lakini si ya Zanzibar: ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Kwenye maziwa, kipimo ndicho kinachoamua. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika kwa eneo ni Victoria. Kwa kina ni Tanganyika, lenye takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Anayeuliza "ziwa kubwa" bila kusema kwa eneo au kwa kina ameacha mlango wazi.

Hata saa ina mtego. Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, vikaisha ndani ya dakika zisizozidi 45. Manowari za Waingereza zililipiga mabomu jumba la kifalme alimokuwa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani baada ya kifo cha Hamad bin Thuwaini siku mbili kabla. Vitabu vya Kiingereza vinaandika kwamba mashambulizi yalianza saa "9". Kwa saa za Kiswahili hiyo ni saa 3 asubuhi. Anayeihamisha namba bila kuigeuza anavipeleka vita alasiri. Swali la nyongeza lina ladha kwa watu wa Dar es Salaam: Khalid alikimbilia wapi? Aliingia ubalozi mdogo wa Wajerumani, nao wakamleta Dar es Salaam, alikokaa mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916.

Majibu yaliyochakaa

Kundi gumu zaidi ni la maswali ambayo jibu lake lilikuwa sahihi zamani. Makao makuu ya nchi ni mfano wa kwanza. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, Bunge likatangulia, Serikali ikaanza kuhama kwa nguvu mwaka 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka 2018. Hata hivyo vitabu vingi vya nje viliendelea kuandika Dar es Salaam.

Wilaya za Dar es Salaam ni mfano wa pili. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Kisha Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke, zikawa tano. Mabadiliko hayo yalilipindua swali jingine: ni wilaya ipi yenye watu wengi kuliko zote? Sensa ya 2012 iliipa ushindi Kinondoni kwa watu 1,775,049, Temeke ikifuata kwa 1,368,881 na Ilala kwa 1,220,611. Sensa ya 2022 iliweka Ilala mbele kwa 1,649,912, kisha Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902.

Kinondoni imeshuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne, lakini watu hawakukimbia. Mpaka ndio uliosogea. Hesabu ya Kinondoni na Ubungo kwa pamoja ni 2,069,240, ongezeko la karibu laki tatu katika miaka kumi. Temeke nayo inaonekana kana kwamba imepungua, lakini ukiirudishia Kigamboni inafika 1,664,576. Namba isiyotajwa mwaka wake na mpaka wake haimfundishi mtu lolote.

Orodha ya majibu yaliyochakaa ni ndefu. Mikoa ya Tanzania ni 31, kati yake 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, tangu Songwe ilipoanzishwa mwaka 2016. Hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko zote nchini si Serengeti wala Ruaha, ni Hifadhi ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya Pori la Akiba la Selous na yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ya 1967 hadi 1977, ilikuwa na nchi tatu. Ya sasa ina nane: Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022 na Somalia 2024.

Raundi ya michezo

Raundi hii ndiyo yenye kelele nyingi, kwa kuwa mji umegawanyika kati ya Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Simba iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Ukiulizwa klabu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali ya kombe la vilabu Afrika, jibu ni Simba, iliyofungwa na Stella ya Ivory Coast katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Ukiulizwa klabu ya kwanza ya Tanzania kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, ambalo lilianza mwaka 2004, jibu ni Yanga, mwaka 2023, dhidi ya USM Alger. Simba ilifika fainali ya kombe hilo mwaka 2025 na kushindwa na RS Berkane. Kila upande una jibu lake la haki, mradi jina la kombe litajwe kwa ukamilifu.

Kwenye riadha, Tanzania ina medali mbili za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Bayi alikuwa tayari ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ililetwa na Alphonce Simbu katika marathoni ya Tokyo, Septemba 2025. Kabla ya siku hiyo jibu la swali hilo lilikuwa "hakuna".

Kutunga swali lililokamilika

Kutokana na mifano hiyo, kazi ya mtunga maswali inaweza kuwekwa katika mambo manne. La kwanza, ataje jina kamili la kinachoulizwa: Tanganyika au Tanzania, Unguja au Zanzibar, Kombe la CAF au Kombe la Shirikisho. La pili, ataje kipimo: kwa eneo, kwa kina, kwa idadi ya watu. La tatu, ataje wakati: "kwa mujibu wa Sensa ya 2022" ni maneno machache yanayozima ubishi wa saa nzima. La nne, alithibitishe jibu katika vyanzo viwili visivyonakiliana, kwani kosa moja lililoandikwa mahali pamoja husambaa haraka likaonekana kweli.

Swali la namna hiyo humheshimu anayejibu. Aliyepata anajua kwamba amepata kwa haki, na aliyekosa anarudi nyumbani na jambo jipya. Karatasi ya maswali nayo haifai kuhifadhiwa kwa miaka mingi kama hirizi. Tangu mwaka 2002 Tanzania imehesabu watu wake kila baada ya miaka 10. Sensa nyingine ikifanyika, idadi za Kinondoni, Temeke na wilaya zote za Dar es Salaam zitabadilika, na majibu yatapaswa kuandikwa upya.